NMR ipi kwa sampuli ipi: ya kimiminika, ya yabisi, ya mezani au ya mwilini?

Mtu akija chumba cha sumaku, mara nyingi huanza na jina la mashine. "Naomba nafasi kwenye ile ya 800." Hajasema ana nini mkononi: unga, mafuta, protini, mkojo au kipande cha elektrodi ya betri. Mimi humrudisha nyuma hatua moja kwa swali linalowashangaza wengi: molekuli zako zinatembea vipi? Zinabingirika ndani ya kiyeyushi, zimekaa kimya ndani ya fuwele, au zinajikokota kwa sababu ni kubwa? Jibu la swali hilo huamua mashine kuliko ukubwa wa sumaku unavyoamua, na ulinganisho huu wote nimeujenga juu yake.

Kwa asiyezoea, NMR ni mwangwi wa sumaku wa viini vya atomi. Baadhi ya viini, kama haidrojeni-1, kaboni-13, naitrojeni-15, florini-19 na fosforasi-31, vina spini, navyo hutenda kama visumaku vidogo. Vikiwekwa ndani ya uga mkali wa sumaku na kupigwa mawimbi ya redio ya masafa yake, huitikia, na mwitikio huo hubeba habari za majirani wa kila atomi. Kundi la Felix Bloch na kundi la Edward Purcell, kila moja kivyake, yalitangaza jambo hili mwaka 1946, na wawili hao wakapewa Nobeli ya fizikia mwaka 1952. Mwaka 1951 ethanoli ilionyeshwa ikitoa vilele vitatu, kimoja cha CH3, kimoja cha CH2 na kimoja cha OH. Tangu hapo wakemia hawajaiachia mashine hii.

Udhaifu wake ni vyema ujulikane mapema. Katika sumaku ya tesla 11.7, ambayo wakemia huiita 500 kwa kuwa haidrojeni ndani yake huitikia kwa 500 MHz, ziada ya visumaku vinavyoelekea upande mmoja ni kama 4 tu katika kila 100,000 kwenye joto la chumba. Vingine vyote hufutana. Ndiyo maana NMR hudai sampuli nyingi na muda mwingi, na ndiyo maana mashine ikichaguliwa vibaya siku nzima ya kazi hupotea.

Yeyusha au zungusha

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, nami nitaukalia.

Molekuli ndogo iliyoyeyushwa katika kiyeyushi chepesi hubingirika mabilioni ya mara kwa sekunde. Kwa kubingirika huko, mivutano ya kisumaku baina ya viini, ambayo hutegemea pembe ya molekuli dhidi ya uga, hujisawazisha yenyewe hadi sifuri. Kinachobaki ni vilele vyembamba vyenye upana wa Hz 1 au pungufu. Mkemia hupata haya yote bure, bila kifaa chochote cha ziada: miligramu 5 hivi za sampuli, mililita 0.6 za kloroformu yenye deuteriamu, yaani haidrojeni nzito, mrija wa kioo wa milimita 5 uliojazwa hadi kimo cha sentimita 4, na dakika chache baadaye spektra ya haidrojeni, yaani mchoro wa vilele vyake, iko mezani, na kilele kidogo cha kloroformu iliyosalia kimesimama pale pale pa siku zote, 7.26 ppm (ppm ni kipimo cha mahali pa kilele: sehemu kwa milioni ya masafa ya mashine).

Katika yabisi hakuna anayebingirika. Mivutano ile haijisawazishi, na kwa haidrojeni hufikia makumi ya kHz. Badala ya vilele unapata kilima kimoja kipana kisichosema lolote. E. Raymond Andrew na wenzake mwaka 1958, na Irving Lowe mwaka 1959, walionyesha njia ya kutoka: izungushe sampuli nzima kwa kasi kubwa, mhimili wake ukiinamia uga kwa digrii 54.74. Kwenye pembe hiyo, ile sehemu ya hesabu inayopanua vilele huwa sifuri. Kwa maneno mengine, kama molekuli haiwezi kubingirika, tunaibingirisha sisi kutoka nje.

Kifaa chenyewe kinafaa kuangaliwa kwa karibu. Rota ni kimrija cha seramiki ya zirkonia, kinapakiwa unga kwa kushindilia kidogo kidogo kwa kijiti, kinafungwa kifuniko chenye mapezi, kisha kinaelea juu ya hewa iliyoshindiliwa na kupulizwa kizunguke. Inapoanza unasikia mluzi, unapanda, unapanda, kisha unatoweka kwa sababu umepita uwezo wa sikio. Rota ya kipenyo cha milimita 4 huenda hadi kama kHz 15. Ile ya milimita 1.3 hufikia kHz 60, ambayo ni mizunguko milioni 3.6 kwa dakika, na ukuta wake wa nje unakimbia karibu mita 245 kila sekunde. Ukipakia unga kwa upande mmoja zaidi ya mwingine, rota itayumba na inaweza kupasuka, na unga wako utaishia kwenye probu, ile sehemu ya mashine inayoshika sampuli na koili yake.

Sasa, lini uyeyushe na lini uzungushe? Kanuni yangu ni hii. Kama swali ni "molekuli hii ni nini?", yeyusha. Kama swali ni "vitu hivi vimepangwaje?", usiyeyushe, maana kwa kuyeyusha umebomoa kile ulichotaka kukipima.

Dawa ndiyo mfano ulio wazi. Mwaka 1998 vidonge vya ritonaviri, dawa ya VVU, viliingia matatani baada ya umbo jipya la fuwele kujitokeza, umbo lisiloyeyuka vizuri kama lile la awali, na vidonge hivyo vikalazimika kuondolewa sokoni hadi dawa itengenezwe kwa namna nyingine. Molekuli ilikuwa ile ile. Ukiyaweka maumbo hayo mawili kwenye kiyeyushi na kupima, utapata spektra moja isiyo na tofauti hata ya kilele kimoja. Ukiyapima kama yabisi kwa kaboni-13, kila umbo lina alama zake, kwa kuwa majirani wa kila kaboni ndani ya fuwele wamebadilika.

Kwenye zeolaiti, yabisi zenye vitundu zinazotumika kama vichocheo, alumini-27 iliyozungukwa na oksijeni 4 huonekana karibu na 60 ppm, na ile iliyozungukwa na oksijeni 6 karibu na 0. Kwa hiyo kichocheo kikianza kuchakaa na alumini kutoka kwenye mfumo wake, unaiona ikihama. Kwenye saruji, silikoni-29 hukuonyesha hatua za kuganda: punje ambazo hazijamenyuka na maji zikiwa karibu na −70 ppm, ncha za minyororo ya silikati karibu na −79, na viungo vya katikati karibu na −85. Ukipima kila baada ya siku kadhaa unaona kilele cha kwanza kikishuka na hivi viwili vikipanda. Hakuna kiyeyushi kitakachokupa habari hiyo.

Betri nazo zimeipa NMR ya yabisi kazi mpya kabisa. Lithiamu-7 iliyo kwenye chumvi ya elektroliti hukaa karibu na 0 ppm, ilhali lithiamu ya metali huruka hadi karibu 250 ppm kwa sababu ya elektroni huru za metali. Umbali huo ni mkubwa kiasi kwamba unaweza kuweka seli nzima ndani ya sumaku, ukaichaji, na ukaona metali yenye umbo la moss na sindano ikiota juu ya elektrodi, ile ile inayosababisha mkato wa umeme ndani ya betri.

Ila kuna gharama. NMR ya yabisi kwa kaboni-13 kawaida hukopa nguvu kutoka kwa haidrojeni zilizo jirani, na kaboni iliyo mbali na haidrojeni hukopeshwa kidogo. Matokeo yake, urefu wa vilele hauhesabu atomi. Nimeona watu wakigawanya eneo la kilele kimoja kwa lingine na kuandika asilimia kana kwamba wanasoma spektra ya haidrojeni kwenye kimiminika. Ukitaka kuhesabu, piga kaboni moja kwa moja na usubiri viini vitulie kati ya pigo na pigo, jambo linaloweza kuchukua dakika kwa kila pigo.

Na kuyeyusha nako kuna mtego wake. Miaka yangu ya mwanzo nililetewa unga wa polima, nikautia kwenye kloroformu, ukabaki ukungu kidogo chini. Nikachuja, nikapima, nikapata spektra nzuri ajabu, nikaandika kwamba polima ni safi. Wiki moja baadaye mwenzangu alipima uzito wa mabaki kwenye kichujio: zaidi ya nusu ya sampuli ilikuwa pale. Nilikuwa nimeeleza tabia za ile sehemu iliyokubali kuyeyuka. Tangu siku hiyo, ukungu ukibaki kwenye mrija, nauliza kama sampuli haikupaswa kuwa kwenye rota.

Kati ya kambi hizi mbili kuna njia ya tatu, ya vitu laini: jeli, kipande cha tishu, resini iliyovimba. Molekuli zake zinatembea, lakini kwa uzito. Hapo kuzungusha kwa kHz 4 au 5 tu kwenye pembe ile ile kunatosha kurudisha vilele vyembamba. Kipande cha tishu cha miligramu chache hupimwa hivyo bila kusagwa, na baadaye kinaweza kurudishwa kwa daktari wa patholojia akakiangalie kwa hadubini.

Ya mezani au mnara wa heliamu

Mashine za mezani, za 60, 80 au 100 MHz, hutumia sumaku za kudumu. Hazina heliamu wala naitrojeni ya kujaza, zinaingia kwenye kabati la kutolea moshi, na nyingi hukubali kiyeyushi cha kawaida bila deuteriamu. Watu huzidharau. Mimi sizidharau, ila napenda ajuaye anachokosa ndiye azichague.

Chukua ethili asetati. Ina makundi matatu ya haidrojeni: CH3 ya upande wa asetati karibu na 2.05 ppm, kilele kimoja. CH2 karibu na 4.12, vilele vinne; na CH3 ya ethili karibu na 1.26, vilele vitatu. Umbali kati ya vilele vya kundi moja ni Hz 7.1, na namba hiyo haibadiliki kwa sumaku yoyote. Kinachobadilika ni upana wa uwanja. Kwenye 60 MHz, 1 ppm ni Hz 60, kwa hiyo vile vilele vinne vinachukua nafasi ya karibu 0.36 ppm. Kwenye 600 MHz, vinachukua 0.036 tu. Ethili asetati inasomeka vizuri kwenye zote mbili, kwa kuwa makundi yake yamekaa mbalimbali. Weka sukari badala yake, yenye haidrojeni nyingi zilizobanana kati ya 3 na 4 ppm, na mashine ya mezani itakupa rundo moja lisilochambulika, ilhali ile ya 600 itazitenganisha.

Tofauti ya pili ni usikivu, nayo ni kali zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa makadirio ya kawaida, uwiano wa ishara kwa kelele hukua kwa nguvu ya moja na nusu ya uga. Kutoka 60 hadi 600 ni mara 10 kwa uga, hivyo kama mara 32 kwa usikivu. Na kwa kuwa kelele hupungua kwa kipeuo cha pili tu cha idadi ya vipimo, kufidia mara 32 kunadai muda mara 1,000. Kipimo cha dakika moja kwenye 600 kingekuwa cha karibu saa 17 kwenye 60. Kwa hiyo kaboni-13, ambayo ni 1.1 tu kwa kila kaboni 100, kwenye mashine ya mezani ni kwa sampuli nzito na mtu mwenye subira.

Pale inapong'ara ni hapa: kufuatilia mmenyuko unaoendelea, kwa kupitisha mchanganyiko ndani ya mashine kwa mrija mwembamba, kukagua malighafi inayojulikana, kufundisha, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuingiza sampuli yake mwenyewe, na florini-19. Florini ni karibu yote ya aina moja, usikivu wake unakaribia wa haidrojeni, na vilele vyake hutawanyika mamia ya ppm, hivyo hata uwanja mdogo unatosha.

Upande wa pili wa mizani kuna minara, yaani zile sumaku kubwa zinazopozwa kwa heliamu. Koili za sumaku hizi hupitisha umeme bila ukinzani kwa sababu zimezama kwenye heliamu kimiminika ya kelvini 4.2 au chini ya hapo, nayo imezungukwa na naitrojeni ya kelvini 77. Heliamu huvukiza kila siku, na lazima ijazwe. Ikiachwa ikaisha, koili hupata joto, ukinzani hurudi, na heliamu yote hugeuka gesi kwa kishindo. Lita moja ya kimiminika hutoa takribani lita 700 za gesi, inayosukuma oksijeni nje ya chumba. Anayepanga kununua mnara asipange bei ya mashine peke yake. Apange heliamu, mfumo wa kuikusanya tena, na mtu wa kuitunza, kwa miaka ishirini.

Miongoni mwa minara ya kibiashara yenye uga mkali kabisa ni wa GHz 1.2, tesla 28.2. Wa kwanza ulifungwa mwaka 2020 katika kituo cha CERM, Florence, Italia. Nani anauhitaji? Wenye protini zisizo na umbo thabiti, ambazo vilele vyake mamia vimerundikana kwenye kipande chembamba cha spektra. Na wenye viini vya spini kubwa kuliko nusu, kama alumini-27, kwa sababu sehemu ya upana wao ambayo kuzungusha hakuwezi kuifuta hupungua kadiri uga unavyokua. Hao nawapa nafasi kwenye sumaku kubwa bila kubishana.

Wengine wengi wangefaidika zaidi na probu. Probu baridi ni ile ambayo koili na kikuza ishara chake cha kwanza vimepozwa hadi kama kelvini 20 huku sampuli ikibaki kwenye joto lake, na hivyo kelele za umeme hupungua. Usikivu hupanda kama mara 3 au 4. Kupanda kutoka 500 hadi 800 kwa probu ya kawaida kunakupa kama mara 2 tu. Kwa hiyo anayekosa usikivu, na hana shida ya vilele kubanana, 500 yenye probu baridi itamfaa kuliko 800 isiyo nayo. Tahadhari moja: sampuli yenye chumvi nyingi hula sehemu kubwa ya faida hiyo.

NMR au vipimo vingine

Hapa nitasema wazi ni lini usije kabisa kwenye chumba cha sumaku.

Spektrometa ya tungamo hupima uzito wa molekuli na vipande vyake, nayo hutosheka na kiasi ambacho NMR haikioni hata kidogo. Ukiwa na nanogramu, nenda huko. Ila molekuli mbili zenye atomi zile zile zilizopangwa tofauti huwa na uzito mmoja, na hapo NMR ndiyo inayotenganisha. Tena NMR ya haidrojeni ikipigwa kwa uangalifu, kwa kusubiri angalau mara 5 ya muda wa viini kutulia, huhesabu: eneo la kilele linalingana na idadi ya haidrojeni, kiwanja chochote kile, bila kuwa na sampuli safi ya kiwanja hicho ya kulinganishia.

Thamani yake ilionekana mwaka 2008 katika sakata la heparini. Heparini huzuia damu kuganda, na hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Wagonjwa, hasa Marekani, walianza kupata athari kali, shinikizo la damu likishuka ghafla. Dawa ilikuwa imepita vipimo vya kawaida. Ilipochunguzwa kwa NMR ya haidrojeni, karibu na kilele cha asetili cha heparini, kwenye 2.04 ppm, kulikuwa na kingine, kwenye 2.15, kisichostahili kuwapo. Kilikuwa cha kondroitini salfeti iliyoongezewa salfeti kupita kiasi, kitu kinachoiga heparini vizuri kiasi cha kudanganya vipimo vya uwezo wa kuzuia damu kuganda. Umbali wa sehemu ya kumi ya ppm ndio uliotenganisha dawa na kilichochanganywa nayo. Baadaye kipimo cha NMR kikaingizwa kwenye viwango rasmi vya heparini vya Marekani.

Kwa protini, mshindani ni eksirei ya fuwele na hadubini ya elektroni ya baridi kali. Kurt Wüthrich na kundi lake walipotoa miundo ya kwanza ya protini ndani ya mmumunyo, katikati ya miaka ya 1980, wengi hawakuamini. Ikachukuliwa protini moja, tendamistati, ikatatuliwa na kundi moja kwa NMR na jingine kwa eksirei bila kuangaliana, na majibu yakalingana. Wüthrich alipata Nobeli ya kemia mwaka 2002.

Lakini turudi kwenye mwendo. Protini ikikua, hubingirika polepole, na ishara yake hufa haraka na vilele hupanuka. Zaidi ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 30 au 40 kazi inakuwa ngumu. Mbinu ya TROSY, iliyotangazwa mwaka 1997, pamoja na kubadilisha haidrojeni nyingi za protini kuwa deuteriamu, imesogeza mpaka huo mbali sana, ila kwa jasho. Kwa hiyo ukitaka tu picha ya mashine kubwa ya seli, nenda kwenye hadubini ya elektroni ya baridi kali, ambayo waanzilishi wake walipata Nobeli mwaka 2017. Usijitese.

Njoo kwa NMR ukiwa na mambo matatu ambayo wengine hawayawezi vizuri. La kwanza, protini isiyo na umbo moja, kama alfa-sinukleini ya ugonjwa wa Parkinson: haitoi fuwele, na hadubini haioni kitu cha kukishika. La pili, mwendo wenyewe, sehemu zipi zinacheza na kwa kasi gani. La tatu, kushikana kwa udhaifu. Ukiweka naitrojeni-15 kwenye protini unapata ramani yenye nukta moja takriban kwa kila asidi amino isipokuwa prolini; ukitia molekuli ndogo, nukta za mahali iliposhika husogea. Mwaka 1996 kundi la Stephen Fesik lilionyesha jinsi ya kutumia ramani hiyo kutafuta vipande viwili dhaifu vinavyoshika jirani na kuviunganisha kuwa kimoja chenye nguvu. Katika ukoo wa kazi hiyo, miaka mingi baadaye, ndimo ilimotoka venetoklaksi, dawa ya saratani ya damu.

Kwenye mrija au ndani ya mtu

Kwa utafiti wa tiba, watu huchanganya vitu viwili: kupima damu au mkojo kwenye mrija, na kupima kiungo kikiwa ndani ya mtu. Fizikia ni moja, maswali ni mbali.

Kwenye mrija, NMR ya haidrojeni huona metaboliti, molekuli ndogo zinazotokana na kemia ya mwili, zilizo kwenye kiwango cha maikromola na zaidi, makumi kadhaa kwa mpigo mmoja. Spektrometa ya tungamo huona nyingi zaidi na ndogo zaidi. Kwa nini basi mtu achague NMR? Kwa kurudiarudia. Sampuli haigusi kifaa, haiharibiki, na namba za leo zinaweza kuwekwa kando ya za mwaka ujao. Kwa utafiti wa maelfu ya watu kwa miaka mingi ningeanza na NMR; kwa kuwinda homoni iliyo kidogo mno nisingeigusa.

Mkojo lazima uchanganywe na bafa ya fosfeti ya pH 7.4 hivi, la sivyo vilele vya sitrati vitatangatanga kutoka sampuli hadi sampuli, na kompyuta itakuambia wagonjwa wanatofautiana wakati kinachotofautiana ni asidi ya mkojo wao. Kwa plazima kuna ujanja mzuri unaotumia mwendo ule ule tulioanza nao. Protini za damu ni kubwa, zinajikokota, kwa hiyo ishara yake hufa upesi. Unapiga msururu wa mapigo, unasubiri sehemu ndogo ya sekunde ishara ya protini izimike, kisha unasikiliza: glukosi kwenye 5.23, laktati kwenye 1.33, zikisimama peke yake.

Ndani ya mtu masharti ni mengine. Mashine ya hospitali ya tesla 3 ni kama 128 MHz kwa lugha ya mkemia, juu kidogo tu ya mashine ya mezani ya 100, na mtu hawezi kuyeyushwa wala kuzungushwa. MRI ya kawaida, yaani upigaji picha za mwili kwa sumaku, huchora maji na mafuta, kwa njia iliyofunguliwa na Paul Lauterbur mwaka 1973 na kuendelezwa na Peter Mansfield. Wote wawili walipata Nobeli ya tiba mwaka 2003. Neno "nyuklia" liliondolewa kwenye jina kwa sababu ya hofu ya wagonjwa, ingawa hakuna mionzi ya nyuklia popote humo.

Mashine hiyo hiyo yaweza kutoa spektra ya kipande cha ubongo, sema mchemraba wa sentimita 2 kila upande. Unaona N-asetili aspatati kwenye 2.01, kreatini kwenye 3.03, kolini karibu na 3.2. Mfano ninaoupenda ni wa uvimbe wa ubongo wenye badiliko la jeni ya IDH: seli zake hutengeneza 2-haidroksiglutarati, yenye kilele karibu na 2.25 ppm, na kilele hicho kinaweza kuonekana kabla ya kisu kugusa kichwa. Kinahitaji mpimaji makini, maana kimebanana na glutamati na glutamini, na kwa uvimbe mdogo kuliko mchemraba wako hakifai.

Kwa anayetaka kuona kemia ikitendeka, kuna piruvati, molekuli ambayo seli huipata kwa kuvunja sukari, yenye kaboni-13 iliyopewa mpangilio wa kupindukia, yaani visumaku vyake vinavyoelekea upande mmoja ni vingi mno kuliko kawaida. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba ishara ya kaboni kwenye kimiminika inaweza kupandishwa zaidi ya mara 10,000, kwa kuhamisha mpangilio wa elektroni kwenda kwa viini kwenye baridi kali, kisha kuyeyusha ghafla. Matokeo ya kwanza kwa binadamu, wagonjwa wa saratani ya tezi dume, yalichapishwa mwaka 2013. Ishara hiyo hupungua kwa kadiri ya dakika moja. Kwa hiyo dawa huyeyushwa, hukaguliwa joto na pH, hukimbizwa hadi kitandani, huchomwa, na mpimaji ana dakika mbili hivi za kuona piruvati ikigeuka laktati ndani ya uvimbe. Inafaa kwa swali la kama tiba imeanza kugusa seli siku chache baada ya kuanza. Inadai kifaa cha kuandalia jirani kabisa na chumba cha sumaku, mfamasia aliye tayari, na probu ya kaboni. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, chagua spektra ya haidrojeni ya kawaida, ambayo mgonjwa anaweza kulala nayo dakika kumi bila mtu kukimbia.